Faili la Barabara ya Mangapwani

Jumatatu, 5 Mei 2025

Mvua tangu alfajiri. Chumba cha mafaili kinanuka uvundo. Bwana Ubwa, mkuu wetu, kanipa rundo jipya la kutia Kiswahili: kanuni za zama za Mwingereza – barabara, kodi, masoko, ushuru wa karafuu. Miaka kumi na tisa nafanya kazi hii hapa Mji Mkongwe, na lugha yao bado inanichosha. Sentensi moja, ukurasa mzima. Ukifika mwisho ushasahau nani aliyeamrishwa.

Ya leo ni ya barabara. Mwanamme asiyeweza kulipa kodi atatoa siku ishirini za kuvunja mawe. Hatoitwa zaidi ya mara moja kwa mwaka. Sheha, mkuu wa kijiji, ndiye atakayeandika majina. Imeandikwa kwa upole, kama mtu anakukaribisha chai.

Nyuma ya kanuni pana faili la barabara ya kwetu, Mangapwani. Nimefurahi. Kesho nitalifungua.

Jumanne, 6 Mei

Sheha wa Mangapwani wakati ule alikuwa babu yangu, Machano bin Usi. Nilijua, ila sikuwahi kuona kazi yake kwa macho. Saini yake naifahamu – iko nyumbani, kwenye msahafu, pale alipoandika siku aliyozaliwa baba. Nikaigusa kwa kidole, hapo kwenye faili. Nikamwita Bwana Ubwa aje aone.

Sasa natamani nisingemwita.

Orodha za walioitwa mwaka 1944. Mcha bin Suhaib, Februari. Mcha bin Suhaib, Mei. Tena Agosti. Tena Novemba. Wengine wote mara moja moja. Yeye mara nne.

Mcha bin Suhaib ni babake Bi Mayasa.

Jumatano, 7 Mei

Jana mkono ulikuwa mzito. Leo niweke mambo sawa, angalau kwa nafsi yangu.

Bi Mayasa ni jirani yetu wa Mangapwani. Mama alipofariki nilikuwa na miaka miwili – yeye ndiye aliyenilea. Sasa ana themanini na sita. Alipokuwa na miaka mitano babake alipotea, na kijiji kizima kinajua alikokwenda: alihamia Mombasa, akamwacha mkewe na watoto wawili. Kwenye chuo cha Kurani wenziwe walimwita mtoto wa mtoro. Mamake hakuolewa tena. Bi Mayasa aliwahi kuniambia, “Mama kafa anaangalia mlango.”

Ndani ya faili mna barua mbili za babu kwa serikali.

Ya kwanza, Novemba 1944. Mfanyakazi Mcha bin Suhaib ameangukiwa na jabali machimboni. Amekufa. Amezikwa kando ya barabara. Kazi inaendelea.

Ya pili, miezi saba baadaye. Shamba la minazi la Mcha bin Suhaib halina mwenyewe. Mwenyewe amehamia Mombasa, kodi hailipwi. Sheha anaomba akabidhiwe alitunze.

Akakabidhiwa. Mkono ule ule, saini ile ile.

Shamba hilo ndilo letu. Nazi zake ndizo zilizonisomesha.

Alhamisi, 8 Mei

Nilikwenda dukani kwa kaka yangu Mansour, mtaa wa Ng'ambo. Anauza vipuri vya baiskeli, lakini akili yake yote iko kwenye shamba hilo – anataka kujenga vyumba vya wageni, ameshaanza kukata minazi ya upande wa pwani. Nikamweleza yote, nimesimama, baina ya matairi.

“Nani mwengine kaziona hizo barua?” Hilo ndilo swali lake la mwanzo. Hakuuliza mtu alikufaje.

Nikamwambia Bwana Ubwa kaona saini tu.

Akasema babu alikuwa chini ya amri, ya Mwingereza ni ya Mwingereza. Nikamwambia amri ya Mwingereza ilisema mara moja. Tatu zilizozidi ni za babu.

Akamhudumia mteja, akarudi. Kisha, kwa sauti ya chini: “Bi Mayasa kashazoea hali yake, Faiza. Wewe unataka kumpa haki, au unataka kujitua mzigo umtwike yeye?”

Swali hilo nimerudi nalo nyumbani. Kaka yangu si mtu mbaya. Bi Mayasa alipovunjika nyonga, yeye ndiye aliyembeba mpaka garini.

Jumatatu, 12 Mei

Bwana Ubwa kaleta orodha ya mafaili yaliyoharibika kwa unyevu. Alhamisi yatachomwa. Mimi ndiye wa kuijaza na kutia saini.

Faili la Mangapwani kweli limeoza nusu. Hakuna atakayeuliza.

Mansour kapiga simu mara mbili. Hakutaja kitu. Kaniuliza watoto, kaniuliza presha yangu. Kaniita “mdogo wangu” – hajaniita hivyo tangu harusi yangu.

Niliandika namba ya faili kwenye orodha. Mwandiko ulitoka safi, kama wa siku zote. Hilo ndilo lililonitisha.

Jumanne, 13 Mei

Nimeifuta namba. Nimemwambia Bwana Ubwa faili linasomeka, lirudi rafuni. Nimetoa nakala ya orodha za 1944 na barua zote mbili.

Mansour sijamwambia.

Jumamosi, 17 Mei

Nnaandika nimekaa barazani kwa Bi Mayasa. Yumo ndani, anasali alasiri. Anasali kwa kukaa, taratibu. Niandike haraka.

Nilimkuta anachagua mchele. Shikamoo. Marahaba mwanangu, mbona umekonda. Njiani nilikuwa nimepanga maneno mazuri, yote yakanikimbia. Nikasema tu, “Bi Mayasa, babako hakutoroka.”

Vidole vyake viliendelea na mchele.

Nikamweleza. Barabara, mawe, jabali. Nilisema serikali ilimwita mara nne. Nilisema serikali. Sikusema nani.

“Hakwenda Mombasa?”

“Hakwenda.”

“Hata bandarini hakufika?”

“Hakufika. Kazikwa hapa hapa, kando ya barabara. Hawakuandika mahali gani.”

Akauweka ungo chini. Hakulia. Alisema mamake alikataa posa tatu – tatu, Faiza – akimngoja. Kisha akasema, “Baba.” Mara moja tu, polepole, kama mtu anayelijaribu neno. Miaka yote niliyoishi naye sikuwahi kumsikia akimwita hivyo. Alikuwa akisema “yule bwana”.

Nikadhani yatosha. Kampata babake, anataka nini zaidi? Nikasikia sauti ya Mansour ndani ya kichwa changu, na safari hii nilikubaliana naye. Nikaanza kukunja karatasi.

“Ngoja,” akasema. “Kuna mtu aliyemwambia mama kuwa kaenda Mombasa. Mama alisema kaambiwa na mtu wa kuaminiwa, hakuna aliyeweza kumpinga. Hakunitajia jina mpaka anakufa. Hizo karatasi zinamtaja?”

Nikafungua mdomo. Kukaadhiniwa.

Akajiinua, mkono ukutani. Nikamshika, akanitoa mkono, si kwa ukali. “Acha nisali kwanza,” akasema. “Jina lake nataka nilisikie nikiwa na udhu.”

Sijui kama ameshakisia. Alinitazama usoni muda mrefu kabla ya kuingia – na watu husema nimefanana na babu, paji na pua.

Mlango uko wazi. Namwona mgongo. Anasujudu, anakawia. Simu inatetema kwenye mkoba, ni Mansour. Sikuipokea. Gari la kurudi mjini linapiga honi barabarani, nikinyanyuka sasa hivi nalipata.

Karatasi ziko mapajani. Nimezikunjua tena, saini ya babu juu.

Anatoa salamu. Kulia. Kushoto.

Ananiita.

“Naam,” nimeitika, na bado nimekaa, nnaandika –