Makofi ya Bwana Vaucourt

Woolwich, Jumapili

Dada Régine,

Sombe uliyompa Mama Furaha aniletee imefika salama. Watoto wameila mboga yote huku wakinijibu Kiingereza, kama kawaida yao.

Unamkumbuka yule mzee Mfaransa ninayemtunza kwenye nyumba ya wazee, Bwana Vaucourt? Miaka sitini ya jukwaa na sinema. Alikuwa akijisifu kwamba amekufa mara thelathini na moja mbele ya kamera, na kila Jumanne baada ya chai alinifia tena: mara mfalme aliyelishwa sumu, mara askari mwenye risasi kifuani. Ni mimi tu niliyejua Kifaransa, basi mimi ndiye niliyekuwa ukumbi mzima. Nisipompigia makofi, haamki sakafuni.

Jumanne iliyopita alianguka karibu na dirisha, kikombe mkononi. Nilipiga makofi. Nikamwambia, "Bravo, Monsieur, leo umezidi siku zote!" Nikapiga tena, nacheka. Kisha nikaona chai ya moto inamtiririka shingoni, naye hata hashtuki. Gari la wagonjwa lilimkuta ameshakufa.

Kwenye ripoti nimeandika kwamba niliita msaada papo hapo.

Meneja ananitaka kesho saa tatu asubuhi, na binti wa mzee atakuwepo. Ameshanipigia simu akilia. Hana ugomvi na mtu, anataka kujua jambo moja tu: baba yake alisikia nini mwishoni.

Jibu ninalo, dada, na mzee mwenyewe angelipenda. Nikilisema tu, kazi sina.

Usimwambie Mama.

Mdogo wako,
Josiane