Mwimbaji Anayekimbiwa na Wake

Alkhamisi, Bawshar

Leo tena huyo Mmarekani wake! Tunakula, mume wangu Nasor anatuhadithia maisha ya mwimbaji wake wa muziki wa soul: mke wa kwanza kamkimbia, akatunga albamu, wa pili kamkimbia, albamu ikapata tuzo, wa tatu kaondoka juzi, naye keshaingia studio.

Mama mkwe akaacha kutafuna. "Sasa huyu akipata mke mwema si atakufa njaa?"

Nilicheka mpaka nikapaliwa na wali. Nasor hakucheka. Akasema anataka kuacha kazi wizarani aimbe.

"Mimi sikukimbii," nikamwambia. "Utatunga nini?"

Sasa yumo bafuni anaimba, na nnaogopa kweli, maana sauti anayo. Mama mkwe kazima televisheni amsikilize.