Mamba Alimla Baba, Lawama Ukabebeshwa Wewe

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo, huko uliko. Kaburi lako pale Mollo nimelipalilia, lakini moyo haujapoa, ndiyo maana nakuandikia mbele za watu wote.

Kila kiangazi ulishuka na kundi la baba hadi Ziwa Rukwa. Wanaume walipiga mamba bunduki, kisha wakalala. Ninyi wanawake mliwachuna, mkakwangua mafuta, mkapaka ngozi chumvi, mkazipandisha Ufipa vichwani. Chumvi ilikupasua mikono hata ukashindwa kunisuka. Wazungu walipokuja kununua ngozi, waliosifiwa ni wawindaji.

Mwaka ule ulibaki nyumbani na mdogo wangu mchanga, ukashika miiko ya mke wa mwindaji: usigombane na mtu, usimpe jirani moto, mume asije akadhurika. Bibi mmoja alikuja na kigae kuomba kaa. Ukamwambia, "Nisamehe, mama, mwenyewe yuko ziwani." Nilikuwa hapo hapo jikoni, nikasikia.

Baba akaliwa na mamba. Baba mkubwa, kiongozi wa kundi, alirudi na kofia tu, na kabla hatujamaliza kulia akakuuliza mbele ya ukoo, "Ulimpa nani moto?" Uliapa, lakini nani akusikilize? Wakakurudisha kwenu na mtoto mgongoni, mimi wakanibakiza. Nilikukasirikia kwa kuondoka kimya, Mama. Bado nakukasirikia kidogo.

Juzi baba mkubwa kanywa pombe ya ulezi, ulimi ukateleza. Kumbe mamba alikuwa amejeruhiwa tu, na yeye ndiye aliyemwamuru baba aingie majini amfuate, ngozi isipotee. Nikamwuliza mbona hakusema. Akacheka, mzee yule!

"Ningesema, nani angenifuata ziwani tena?"

Basi ndivyo ulivyonikosa, Mama. Ili mzee asiaibike.

Jumatatu mume wangu anashuka na kundi hilo hilo la baba mkubwa, nimemkataza, hasikii. Mama mkwe amekuja kuniusia miiko ya mke anayebaki nyumbani. Nikamwamkia, nikampakulia ugali, nikamwambia sibaki, nashuka nao. Akashika kichwa.

"Na mumeo akifa, mwanangu?"

"Akifa, mama, nataka niwepo nimwone anayemuua."

Pumzika, Mama. Mimi bado sijaweza.

Binti yako wa kwanza