Do ya Mama Neema

Jumatatu, 3 Juni
Mvukuto wa kinanda bado unavuja. Nimebandua ngozi iliyooza, nikabandika tyubu ya baiskeli kwa solusheni. Mimi, fundi redio mstaafu, na kinanda cha nyuzi cha wamisionari! Ukikanyaga pedali, hewa inavutwa kupitia matundu ya karatasi ya wimbo, vitufe vinajibonyeza vyenyewe. Vilikuwa vinajibonyeza, zamani. Mbozi yote iko shambani, inachuma kahawa. Kanisani niko mimi na popo.

Jumanne, 4 Juni
Kimevuta! Vitufe kama kumi vimecheza. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Mchungaji amesema kisipotumika Jumapili kinakwenda stoo. Kikienda, asubuhi sina pa kwenda. Nyumba ile inanitisha.

Alhamisi, 6 Juni
Siku mbili za nyuzi. Sina chombo cha kupimia sauti, na sikuona shida. Miaka thelathini kwaya yetu ilichukua do, sauti ya kuanzia, kwa marehemu mke wangu, Mama Neema. Akiitoa, wote tunaingia. Ninayo kichwani. Nimekaza nyuzi zote kuifuata hiyo. Najivuna.

Ijumaa, 7 Juni
Mwalimu wa kwaya amekuja na kinanda chake cha umeme. Havipatani. Changu kiko chini karibu nusu sauti.
"Baba, do hii umeitoa wapi?"
"Kwa mama yenu."
Kwa upole akasema siku hizi kwaya inafuata cha umeme. Nilitaka kumwambia mwacha asili ni mtumwa. Nikameza. Ameniachia kinanda chake nikifuate. Hana kosa, lakini nimemchukia.

Jumamosi, 8 Juni
Nimekaza upya tangu alfajiri. Kila uzi ukipanda naona namfukuza mke wangu kanisani. Uzi mmoja wa besi umekatika. Nimekaa sakafuni nikalia. Binti yetu Neema akapiga simu kutoka Tunduma, malori yake yamekwama mpakani. Nimemwambia mimi mzima, sina neno. Uongo mtupu.

Jumapili, 9 Juni
Kimelia. Akina mama wamepiga vigelegele. Mchungaji amekanyaga pedali mwenyewe mpaka akalowa jasho. Kinabaki. Nimeshikwa mkono na wengi.

Nyumbani nimewasha jiko. Nikajaribu kuitoa do ya Mama Neema, taratibu, mdomo nimeufumba, kama yeye. Imekuja ya kinanda, ile ya juu. Nikanywa maji, nikatulia, nikajaribu tena. Ya kinanda.
Nimesonga ugali wa mtu mmoja, nikala.