Makayabo ndani ya pondu

Adèle, usiamuke mbio. Kaa kwanza, halafu ukamate ukuta. Ndizi ya kuchemsha iko chini ya sahani. Kula, kichwa yako haipendi tumbo tupu.

Asubuhi ulianguka mulangoni ukisema ukuta inatembea. Mimi nikapiga kelele mbele ya majirani eti umelewa pombe ya lotoko. Kumbe infirmier wa hospitali alikukataza makayabo, samaki ya chumvi, na jana ni mimi niliitwanga nikaificha ndani ya majani ya pondu, nione kama ni ugonjwa ama maringo.

Bon. Naenda Mangobo kutafuta samaki mubichi, hata kama waasi wa Simba wako kwenye barrière ya barabara.

~~Usimwambie bwana yako.~~ Umwambie mutoto yangu Hubert yote mbele ya mimi kurudi. Akiniuliza uso kwa uso, nitakana.

Mama mukwe