Tano za Bibi Esmat

Jumamosi, 5 Aban

Mgonjwa wa arobaini na moja wa utafiti wangu leo. Bibi Esmat, mjane, kisukari miaka kumi na tisa, soksi nene na jua hili la Yazd! Maswali yenyewe matano tu: umekuwa mchangamfu, umelala vizuri, na mengine ya aina hiyo. Jibu ni kuanzia sifuri hadi tano, tano ndiyo raha tupu. Tumeyatafsiri kwa Kiajemi, sasa tunapima kama yanapata ukweli wa wagonjwa wetu. Msimamizi wangu, Dakta Rastegar, anayesikiliza mlangoni, kakazia: soma, zungushia jibu, usifafanue.

Bibi kajibu tano. Tano. Tano. Hata sijamaliza kusoma! Kisha kanipa mfuko wa makomamanga, eti si kitu, anaona haya kunipa. Nikakataa mara mbili, ya tatu nikapokea, ndivyo ada. Nimempenda bure.

Jumatatu, 7 Aban

Nimepitia karatasi. Karibu wote tano, tano. Dakta Rastegar kacheka: "Mji mzima una raha isipokuwa mimi."

Jumamosi, 19 Aban

Wiki mbili zimetimia. Wanajibu tena, tuone kama majibu yanasimama. Bibi Esmat kaja anachechemea — viatu vipya, kasema. Tano, tano, tano. Nikashangilia moyoni, namba zimelingana! Naona aibu kuliandika hilo. Maana alipoinuka aliyumba, nikamdaka, nikaona soksi imelowa. Nikamvua mwenyewe. Kidole gumba cheusi. Harufu.

"Tangu lini, bibi?"

"Mwezi hivi. Usijisumbue."

"Na zile tano zote?"

Akanishangaa. "Si maksi zako? Mwalimu wako kasimama mlangoni anasikiliza, wewe umesoma vizuri, sauti tamu. Nikupe mbili? Mimi sikulelewa?"

Nililia palepale, mbele ya foleni. Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Lakini huyu hakuficha — alinikirimu! Na mimi nikapokea bila hata kukataa mara moja.

Kalazwa leo leo.

Jumapili, 20 Aban

Wodini. Asubuhi nilimwambia Dakta Rastegar karatasi zote hazifai, tuanze upya, na kwanza tuwaeleze watu namba ni za nani. Kakusanya karatasi. Kisha: "Mwaka wako mzima utapotea, Mahrokh." Najua. Leo hilo si kitu. Daktari wa upasuaji anapita sasa hivi kuamua: kidole tu, au mguu kuanzia chini ya goti.

Nimemuuliza Bibi bila karatasi yoyote anajisikiaje.

"Alhamdu—" Akaishia hapo. Akatazama mikono yangu mitupu.

"Naogopa, mwanangu. Usiku silali. Nikifa sawa, lakini nani atanipandisha ngazi za kwangu na mguu mmoja?"

Nikambusu kiganja. Nampenda mama huyu, na ningeweza kumuuliza vizuri wiki mbili zilizopita.

Naandika kwa mkono mmoja, wa pili kaushika yeye, haachii. Daktari yuko kitanda cha jirani. Kijana, macho mekundu, hajalala huyu. Anageukia kwetu. Anauliza kwa upole kama mguu unauma sana.

Bibi ananivuta, ananinong'oneza sikioni:

"Huyu naye nimwambie kweli? Maskini, si atavunjika moyo?"