Yaya Zawadi, Wameingiza Vita Ndani ya Pasaka Yetu

Yaya wangu,

Nakuandikia nikiwa na hasira, unisamehe. Nilitaka barua yangu ya kwanza kwako iwe ya kilio tu, ya mdogo anayemlilia yaya yake, dada yake mkubwa. Kilio kinakataa. Kinachotoka ni hasira, hata kalamu inatoboa karatasi.

Naanza na habari njema, kwa sababu weye ulipenda hivyo. Mtoto amezaliwa. Msichana. Ana paji la uso lako, lile pana, na analia kama weye ulivyokuwa unaimba, bila kuhurumia masikio ya jirani. Nilimzaa wiki tatu baada ya kukuzika, hapa hapa Rugenge, nyumbani, maana siku ile hakuna aliyethubutu kupita njiani. Baba yake bado yuko ng'ambo ya mpaka, Bujumbura. Aliyempokea mtoto ni Mama Consolata.

Ndiyo, yule yule aliyekuosha weye. Alikuwa bado anapanga chumba nyuma yetu tangu alipokimbia vita kule bondeni, Nyakabere. Ulipopigwa na risasi pale kwenye kamba ya nguo, kila muntu alijifungia kwake. Yeye alitoka, akakuvuta mpaka kivulini, akakaa nawe. Kesho yake akaleta maji, akakuosha, akakuvalisha kitenge cha shirika letu la kanisa, akakuimbia Kirundi polepole kama anayelaza mtoto. Risasi ilitoka wapi? Hakuna aliyeona. Minye nilikuwa ndani, sikuona. Yeye hakuona. Ushike hilo vizuri, Yaya, kwa sababu siku hizi wako watu wanaojua.

Unakumbuka grupe yako ya telefone, ile uliyoiita Sikukuu Tu. Uliifungua mwaka ule watu wa shirika walipotawanyika, wengine Bujumbura, wengine kambini, wengine Kamanyola. Ulisema kama hatuwezi tena kupelekeana sahani, basi tuonane hata kwenye kioo cha telefone. Noeli, Pasaka, Pentekoste: nani amezaa, nani mgonjwa apelekewe chakula, nani amefariki tumwombee. Siasa, uliandika, ibaki mlangoni pamoja na viatu. Noeli moja Papa Matayo, mkubwa wa shirika, akaanza kuleta habari za wakubwa wa nchi, ukamjibu mbele ya wote: “Papa, tunauliza umepika nini.” Tulicheka mpaka yeye mwenyewe akacheka, akatuma picha ya sombe, majani yake ya muhogo bado yanachemka.

Pasaka hii, ya kwanza bila weye, grupe ilikuwa kwangu. Uliniweka msimamizi kwa sababu, ulisema, minye najua kusoma. Yaya, najua kusoma polepole. Hilo hukulisema.

Asubuhi nanyonyesha, telefone inalia na kulia. Unajua desturi yetu: muntu akiandika “Kristo amefufuka”, unamwekea ile mikono miwili ya kuomba chini ya ujumbe wake, ndiyo kumjibu kwamba kweli amefufuka. Usipoweka, anauliza amekukosea nini. Basi huyu mikono, yule mikono. Ujumbe wa Papa Matayo ulikuja mrefu, telefone ikaukunja, ikaacha mistari miwili ya juu. Mistari miwili ilikuwa ya Pasaka. Na juu yake ameweka picha yako, ile unayocheka na kitenge. Nikaona uso wako, machozi yakaja. Nikaweka mikono. Sikufungua chini.

Chini aliandika kwamba uliuawa na wale wenye lugha ile, Kirundi cha Mama Consolata. Kwamba wanakula nasi mchana, kisha wanawaonyesha wenye bunduki milango yetu. Kwamba Pasaka ya kweli itakuja siku watakaporudi walikotoka. Walikotoka wapi, Yaya? Bibi yake Mama Consolata amezikwa bondeni kule kule anakolima yeye. Halafu mwingine akajibu apana, waliomuua ni askari wa upande huu. Mwingine akataja majina ya wakubwa. Walikugombania kama watu wanaogombania kiti. Asubuhi ya Pasaka! Hakuna hata mmoja aliyeuliza nani mgonjwa. Mama Aline, jirani yetu, alikuwa amelala na malaria siku ya tatu, na sikukuu ikapita bila sahani kufika kwake.

Katikati ya makelele hayo telefone ikaandika kwamba Mama Consolata ametoka kwenye grupe. Alikuwa amerudi Nyakabere kulima, akasoma yote akiwa kule peke yake. Nilimpigia, hakushika. Mchana akanitumia maneno matatu tu: “Mikono yako niliiona.”

Ndipo nikafungua ule ujumbe, nikausoma wote, kidole chini ya kila neno kama shuleni. Mtoto alikuwa ananyonya. Niliogopa maziwa yatamchafukia tumboni kwa hasira niliyokuwa nayo.

Niliufuta. Nikamtoa Papa Matayo kwenye grupe. Haikupita saa moja, yuko uani kwetu na koti lake la misa.

“Weye mutoto wa juzi, unanifukuzaka minye kama kuku? Minye niko natetea damu ya yaya yako!”

Nikamwambia, “Papa, siku ile amelala pale kwenye kamba ya nguo, ulikuwa wapi?”

“Siku ile risasi zilikuwa mingi. Nani angetoka?”

“Aliyetoka ni yule unayemwandikia arudi alikotoka.”

Akaniangalia. Akamwangalia mtoto. Akasema Barundi wameniloga, akaenda zake na koti lake.

Usidhani sijui maumivu yake. Najua kijana wake alipotea kwenye njia ya Kamanyola, na hana hata kaburi la kwenda kulilia. Kama angeleta kilio chake kama kilio, tungeliandika jina la kijana wake la kwanza kabisa, na shirika zima lingemwombea. Lakini alikivalisha siasa, na juu ya siasa akaweka uso wako. Uso wako, Yaya! Weye uliyekuwa unapeleka sahani kwa kila mlango bila kuuliza ndani wanasema lugha gani. Hapo ndipo hasira yangu inakaa, na haitoki.

Na ile nyingine iko juu yangu minye.

Ubatizo ulipangwa Jumapili baada ya Pasaka. Weye mwenyewe ulimchagua Mama Consolata awe mama wa ubatizo, tumbo langu likiwa la miezi mitano. Hakuja. Katekista akaniambia, “Chukua mama mwingine, hapa wako wengi, watoto wanangoja.” Mama Aline, bado anatetemeka na ugonjwa, akanyoosha mikono kwa moyo mzuri. Nikakataa. Nikarudi nyumbani na mtoto amevaa nguo nyeupe, kichwa hakijaguswa na maji. Wanawake wa kisimani wakanipokea: “Eh, mutoto amerudi mukavu kama samaki ya ndagala!” Wacha wacheke.

Wiki iliyopita njia ilifunguka kidogo. Nikamfunga mtoto mgongoni, nikapanda pikipiki mpaka Nyakabere. Nilimkuta shambani, anapalilia mahindi. Alinisalimia, lakini jembe hakuliweka chini. Nikamwambia yote nimesimama pale juani: niliona Pasaka, niliona uso wa Zawadi, nikaweka mikono, sikusoma chini, na nilipaswa kusoma. Alipalilia mstari mzima mpaka mwisho, akageuka.

“Weye hukusoma. Na wale wengine kumi na tisa walioweka mikono, nao hawakusoma?”

Nikamfungua mtoto mgongoni, nikampakata.

Mtoto akaanza kelele zake zile za kwako. Mama Consolata akapangusa udongo kwenye kitenge, akamchukua, akamnusa kichwani. “Huyu nilimukamata mbele yako weye,” akasema. Kisha akasema, “Pentekoste nitakuja. Lakini mule ndani ya grupe sirudi.” Sikumbembeleza. Muntu aliyetukanwa kwenye sikukuu yake mwenyewe, nani atamwambia rudi ukae pale pale?

Niliporudi nilituma sauti kwenye grupe, maana kuandika kungenichelewesha mpaka Noeli. Sikusema upande huu wala upande ule. Nilisema nani alikuvuta kivulini, nani alileta maji, nani aliimba. Nikasema anayetaka vita afungue grupe yake ya vita, hii ni ya sikukuu. Nikasema na jina la kijana wa Papa Matayo, tumwombee. Kimya. Siku nzima kimya, nikafikiri nimeua grupe yako. Jioni mama mmoja aliyeko kambini akaandika, “Na Pentekoste munapika nini?” Nililia pale pale, kwenye moshi wa sombe, nikasingizia moshi.

Sasa ni Ijumaa. Pentekoste ni Jumapili. Wanasema njia ya bonde inaweza kufungwa tena, na katekista ameniambia kwamba mara hii hatangoja muntu.

Minye nakuahidi hivi. Nitakuwa mlangoni mwa kanisa tangu misa ya kwanza, na mtoto wako mikononi. Ndiyo, wako, kwa sababu ataitwa Zawadi. Katekista aite, aite tena, mtoto haingii mpaka yule aliyemkamata wa kwanza afike. Akifika misa imekwisha, nitamgongea padri mlango akiwa mezani. Njia ikifungwa, tutarudi nyumbani wakavu na tutakwenda tena Jumapili inayofuata, na nyingine, mpaka wachoke kutucheka.

Lala sasa, Yaya wangu. Nyumbani tuko.

Mdogo wako,
Furaha